Chembe Zisizoshikana

Kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la maabara, nilifanya mambo yale yale. Nilifuta meza kwa spiriti, nikapanga vioo juu ya kitambaa, nikajaza pamba kwenye kopo la maziwa ya unga, kisha nikaketi na kuanza kuwaita wagonjwa kwa sauti ambayo watu walisema haifiki hata kizingitini. Aliyekaa mbele kwenye benchi alizoea kuyarudia majina kwa walio nyuma. Mwishowe nikawa nasema neno moja tu, anayefuata, nao wakalizoea.

Kidole cha pete, mkono wa kushoto. Spiriti, sindano, tone la kwanza nalifuta, la pili naliweka kwenye kioo, la tatu nalivuta kwa ukingo wa kioo kingine mpaka litandazike jembamba kama ulimi. Pamba. Bana hapo. Anayefuata.

Kituo chetu cha afya kilikuwa Kibiti, kando ya barabara ya kwenda kusini, na miaka ile barabara hiyo ilikuwa inaleta kila kitu ambacho tulipokuwa watoto tulikisikia tu kwa watu: sabuni za rangi, redio za kaseti, mitumba, biskuti za kwenye makopo. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake sasa yalijaa mpaka barazani. Sisi kituoni glavu bado tulizifua na kuzianika kwenye kamba kama soksi.

Asubuhi moja, mawingu ya masika yakiwa yameanza kushuka, nilisema anayefuata na mzee aliyekuwa mbele hakuinuka. Alikuwa anaangalia sakafu. Akaniambia taratibu, kama mtu anayekuarifu kwamba mvua imeanza, "Dada, huyu binti anachuruzika."

Binti mwenyewe alikuwa mwisho wa benchi, amekibana kidole chake kama nilivyomwambia. Pamba ilikuwa imelowa zamani. Damu ilikuwa imepita kwenye kiganja, ikaingia katika mkono wa gauni, ikatoka kwenye kiwiko, na chini ya benchi palikuwa na kidimbwi kidogo ambacho watu walikuwa wanakikwepa kwa miguu. Nilikuwa nimeshatoboa vidole vya benchi zima tangu nilipomtoboa yeye.

Nilimwingiza ndani, nikainua mkono wake juu na kukibana kile kidole kwa vidole vyangu. Nilibana mpaka mikono ikaniuma. Nikiachia kidogo, tone linachungulia tena, jekundu, bila haraka.

"Samahani kwa sakafu yako," aliniambia. "Damu yangu mbeya. Ikishatoka nje haijui kurudi nyumbani."

Hivyo ndivyo nilivyofahamiana na Tasnim, binti wa Hilal. Hilal alikuwa mfanyabiashara, mmoja wa watu wa Mahege, wale wa nyumba za zamani zilizouza boriti za mikoko na mchele tangu enzi za babu zao. Biashara huria iliporuhusiwa alihamia Kibiti, akafungua duka, akanunua pikapu, akaanza kuchukua kamba wa delta na kuwapeleka Dar es Salaam katika masanduku ya barafu. Tasnim alikuja kupimwa malaria kwa sababu alikuwa anaolewa Ijumaa ya wiki inayofuata na mama yake hakutaka homa imkute chumbani. Anaolewa na Azan, mtoto wa baba yake mkubwa. Alilitaja jina hilo huku akiangalia dirishani, na uso wake ukanifanya nami niangalie pembeni.

Nilimuuliza kama ameanza leo kutoka damu namna hii. Akasema tangu utotoni. Jino lilipong'oka alilala na kitambaa mdomoni. Pua ikianza, huanza mchana ikamaliza jioni. Aliinama karibu na sikio langu akanieleza na habari za siku zake za mwezi, jinsi zinavyomweka kitandani, na mama yake anavyochemsha mizizi na kuwaambia watu kwamba binti ana kichwa. Kisha akanishika mkono.

"Shoga, haya yaishie hapa. Mama Azan akisikia nina ugonjwa, atasema ameuziwa ng'ombe mgonjwa. Nampenda Azan. Umenielewa?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa kulikuwa rahisi kwangu kuliko kusema.

Alipoondoka, kidole kikiwa kimefungwa kama mtoto mchanga, nilikiweka kioo chake chini ya darubini. Malaria haikuwepo. Ningekitia kwenye ndoo kama vingine. Lakini jicho langu lilikuwa limeona vioo vingi mno vya watu wa Kibiti, na kuna kitu hakikukaa sawa.

Katika damu kuna chembe ndogo kuliko zote, tunaziita chembe sahani. Ukichukua damu ya kidole ukaivuta kwenye kioo, hizo huzikuti moja moja. Zinajikusanya makundi makundi, kama kuku waliomwagiwa pumba, kwa sababu zimeshapata habari ya tundu ulilolitoboa na zinafanya kazi yake. Za Tasnim zilikuwepo, tena nyingi, hazikupungua hata kidogo. Ila kila moja ilikuwa peke yake. Nilisogeza kioo huku na huku, nikaona ni vivyo hivyo mpaka pembeni. Zilikuwa zimetawanyika kama watu wa nyumba moja wasiosalimiana.

Nilichukua kioo cha yule mzee, nikaangalia. Makundi. Nikarudi kwa Tasnim. Moja moja.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wetu wa chuoni, Mwalimu Swalehe, aliyekuwa akifundisha huku anachora kwa chaki mpaka shati linakuwa jeupe. Alitwambia kwamba kila chembe sahani ina protini iliyosimama kwenye ngozi yake, imekunjwa kama ngumi. Mshipa ukichanika, chembe ya kwanza kugusa pale mahali inapata habari. Habari hiyo inapita ndani ya chembe, inatoka mpaka kwenye ile protini, na ngumi inafunguka. Sasa ni mkono. Mkono unashika uzi uliomo ndani ya damu, na chembe jirani inaushika uzi ule ule kwa upande wake. Wakati huo huo chembe zinatoa ishara za kuita nyingine, na nyingine zinakuja, zinashikana, mpaka tundu linazibika. Ndiyo maana ukijikata kwa kisu cha kumenyea muhogo hufi.

Kisha akasema wapo watu wachache sana wanaozaliwa bila ule mkono. Habari inatoka, wito unasikika, chembe zinakuja mpaka mlangoni, lakini hazina cha kushikia. Zinapita. Alisema ugonjwa huo hupenda nyumba ambazo watu huoana wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa lazima mtoto aupate kwa baba na kwa mama. Halafu akafuta ubao, akasema tusijali, hatutamwona mtu huyo katika maisha yetu ya kazi.

Hilal na mkewe Mwanajuma walikuwa mtu na binamu yake. Kibiti nzima ilijua. Wazee wa nyumba ile walikuwa na msemo wao, kwamba mali haitoki mlangoni kwa miguu ya mwanamke.

Niliyatoa yote kwa Daktari Abbasi, mkuu wa kituo chetu, mtu mpole mwenye kikohozi. Hakunicheka. Alikuja akaangalia vile vioo viwili, akaviangalia tena, akamwita Tasnim siku ya pili yake kwa kisingizio cha kurudia kipimo cha homa. Alimchanja kidogo kwenye ndewe ya sikio, akawa anagusisha karatasi ya kunyonya. Kwa mtu wa kawaida unagusisha mara chache, doa linakuwa dogo, linakwisha. Sisi tulimaliza karatasi, tukachukua nyingine.

Tasnim aliporudi kwao, daktari alizihesabu zile karatasi zenye madoa. Alisema hapa hatuwezi kuuthibitisha, vipimo vyake viko Dar es Salaam, lakini hatuhitaji kujua jina la nyoka ndipo tuondoe mguu. Kisha akauliza harusi ni lini, nami nikamwambia. Aliangalia nje, kule barabarani, ambako lori la kusini lilikuwa limezama kwenye tope tangu asubuhi na utingo walikuwa wanakata matawi.

Akaniambia kwa maneno ya kuzungukazunguka, maana yeye naye ni mtu wa pwani na mimi nilikuwa binti, kwamba nyumba ile bado inatoa kisarawanda. Nilijua. Ni kile kitambaa cheupe kinachotandikwa usiku wa harusi, na asubuhi somo wa bibi harusi, yule mwanamke anayemfunda, hutoka nacho uani, wanawake wakakipokea kwa vigelegele na ngoma.

"Mtu mwingine ni matone mawili," daktari alisema. "Huyu sijui. Na kama haikusimama, hapa sina damu ya kumpa, wala barabara ya kumpitisha."

Alisema kwamba Tasnim anaweza kuolewa, anaweza hata kuzaa, akiwa na madaktari wanaojua na damu iko tayari. Ila si hapa, si katika mvua hii, na si kwa namna ile. Lakini yeye hakuweza kulisema. Hilal ni rafiki yake, alisema, na mwanamume akimtajia mwanamume mwenzake kitanda cha binti yake, urafiki umekwisha na maneno hayatasikilizwa. Wa kuingia ndani ni mimi.

Nilisema ndiyo. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Siku mbili baadaye alikuja mama yake Tasnim, Bi Mwanajuma. Hakuwa mgonjwa. Alikaa kwenye kiti changu cha wagonjwa, akaliweka sawa buibui lake, akauliza hali ya mama yangu huko Mkongo, akauliza mpunga wa bondeni umekuwaje. Halafu akasema ana jirani yake.

"Ana binti huyo jirani," alisema. "Akikatika, damu inachelewa kidogo. Sasa ananiuliza mie, na mie sikusoma. Eti binti wa namna hiyo anaweza kuolewa?"

Nilitazama mikono yake. Kucha zilikuwa na hina mpya ya maandalizi. Nilimwambia kwamba jirani yake angefanya vizuri kumpeleka binti Dar es Salaam kwanza. Akauliza kama haiwezekani akaolewa kwanza, akaenda baadaye, kwa kuwa watu wameshaalikwa huko kwa jirani. Nikasema ingekuwa bora aende kwanza. Nilisema bora. Nilikuwa na neno lingine mdomoni, nikalimeza, nikaweka bora mahali pake.

Alisimama, akafika mlangoni, akarudi. Akauliza kama huyo jirani akimlisha binti maini kutasaidia. Nikasema maini ni mazuri. Tukaagana kwa heshima zote, kila mtu na lake moyoni.

Nilijaribu tena kwa Tasnim mwenyewe. Nilimkuta ameshawekwa ndani, haruhusiwi kuonwa na jua, analishwa na kupakwa mafuta. Nilimwambia aache kabisa aspirini wanazouza dukani kwao, kwa kuwa huzidisha kutoka damu, akasema sawa. Nikamwambia anatakiwa kujihadhari sana, hasa siku za karibuni, na vitu vinavyoweza kumjeruhi.

"Mie naolewa, shoga," alinijibu huku anacheka. "Siendi kuchonga boriti."

Nilicheka naye. Nikasikia kicheko changu kinavyotoka, nikakichukia. Akanishika tena mkono kama siku ile, akaniomba nije Jumatano kwenye kusingwa kwake, kusuguliwa mwili kabla ya harusi, kwa kuwa mkono wangu ndio pekee uliowahi kuikomesha damu yake.

Jumatano ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nyumba ya Hilal ilikuwa ya matofali, na bati lake lilipiga kelele hata ngoma ndogo ya wanawake ikawa inasikika kama iko nyumba ya pili. Wanaume walikuwa wamehamia dukani. Chumba cha ndani kilijaa wanawake, moshi wa udi na harufu ya karafuu na ya liwa, mti wa manukato uliosagwa. Tasnim alikuwa ameketishwa juu ya mkeka katikati, amefunikwa kanga kichwani mpaka usoni, kimya, kama desturi inavyotaka. Siku za namna hiyo bibi harusi hana mdomo. Anayesema kwa niaba yake ni somo.

Somo wake alikuwa Bi Mwanaharusi, mama yake Hilal, bibi yake Tasnim na bibi yake Azan vile vile. Watu wengine hutafuta somo nje ya nyumba, lakini Bi Mwanaharusi alikuwa bingwa wa kazi hiyo kutoka Mahege mpaka Dimani, na bibi ana utani na mjukuu, anaweza kumwambia yale ambayo mama hawezi. Alikuwa amekonda kama ufito, ana sauti ya mtu mwenye mwili mkubwa. Alimsinga mjukuu wake mikono na miguu huku akimtania.

"Ngozi hii nampa Azan bure," alisema. "Angekuwa hai babu yenu ningemwachia huyu awe mume wake, nikaolewa mie na Azan."

Wanawake walicheka. Hata mimi nilitabasamu, nimekaa karibu na mlango, magoti pamoja, maneno yangu nimeyapanga tangu nyumbani. Nilikuwa nimejiambia nitamvuta Bi Mwanajuma pembeni wakila. Lakini Bi Mwanajuma kila nilipomtazama alikuwa anasogeza sufuria isiyohitaji kusogezwa.

Ndipo mmoja akamwuliza Bi Mwanaharusi kama Ijumaa atacheza kama alivyocheza kwa Rukaiya.

Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Aliyekaa karibu nami alininong'oneza kwamba Rukaiya alikuwa binti yake Bi Mwanaharusi, dada yake Hilal, marehemu. Bi Mwanaharusi aliinua kichwa. Macho yake yaling'aa.

"Kile hakitatokea tena," alisema. "Kisarawanda cha Rukaiya kilipotoka, wanawake wa Mahege walidhani nimekichovya kwenye hina. Hakikuwa na mahali peupe. Nilikiweka kichwani nikazunguka nacho mji mzima, hakuna nyumba iliyobaki na mtu ndani. Na ndiyo maana macho ya watu yalimla mwanangu. Hakumaliza fungate."

Wanawake waliitikia kwa masikitiko, kama watu wanaoitikia hadithi wanayoijua. Kijicho kibaya, walisema. Kijicho hakina dawa. Kisha ngoma ikaendelea.

Mimi nilibaki nimeshika mkeka. Kichwani mwangu niliona kitambaa kisicho na mahali peupe, na ndani, nyuma ya mlango, msichana wa Mahege amelala, chembe zake zinakuja moja moja mpaka ukingoni mwa jeraha, zinapita. Nje watu wanacheza. Sikujua alikuwa na sura gani, lakini nilimwona na sura ya Tasnim.

Bi Mwanaharusi alikuwa ameshachukua wembe. Baada ya kusinga, bibi harusi hunyolewa kwapa, na kazi hiyo hufanywa na somo mwenyewe. Niliuona wembe na nikafungua mdomo, na sauti yangu, kama kawaida yake, haikuvuka hata mtu wa kwanza. Mvua ilikuwa inapiga. Tasnim aliinua mkono wake. Wembe ukapita mara moja, ukapita tena, na ukagusa.

Lilikuwa jambo dogo. Tone lilitokea, likateremka ubavuni, likaingia kwenye liwa ya manjano. Bi Mwanaharusi alilifuta kwa kidole gumba. Likaja jingine. Mama mmoja mcheshi akasema haya, damu imetangulia, imeshindwa kumsubiri bwana harusi, na chumba kizima kikapiga vigelegele.

Bi Mwanaharusi alifuta kwa ncha ya kanga. Kisha kwa kanga yenyewe. Alibana, akaachia, akatazama. Vigelegele vilipungua kimoja kimoja. Ngoma ilikuwa bado inapigwa na msichana aliyekuwa nyuma, asiyeona. Liwa ya ubavu ule ilikuwa imegeuka rangi.

Nilijikuta katikati ya chumba. Sikumbuki nilivyopita. Nilimlaza Tasnim, nikaweka pamba niliyokuja nayo mfukoni, nikabana kwa viganja vyote viwili, uzito wangu wote juu yake. Chini ya kanga nilisikia anapumua haraka. Mkono wake mwingine ulitafuta kifundo cha mkono wangu, ukakishika.

Nilimwambia Bi Mwanaharusi, karibu na sikio lake, kwamba nina neno.

"Sema kwa sauti, mwanangu," alisema. "Humu hamna mwanamume."

"Damu yake haishikani," nilisema. "Haikushikana tangu azaliwe. Ijumaa haitasimama. Mkimwingiza chumbani Ijumaa, bibi, atakufa."

Ngoma ilinyamaza. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa peke yake mbele za watu. Nikaendelea kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikasema kuna madaktari Dar es Salaam, kuna damu, kwamba ndoa inaweza kungoja kidogo na isivunjike, kwamba hili si aibu wala si uchawi, ni kitu kidogo sana kinachokosekana kwenye chembe za damu, kidogo hata hakionekani kwa darubini yetu, na amekipokea kwa baba na mama bila wao kujua. Nilikuwa nasema huku nimepiga magoti, mikono yangu ikiwa kwapani mwa bibi harusi, machozi yananitiririka na siwezi kuyafuta.

Wa kwanza kujibu alikuwa Bi Fatu, mama yake Azan. Hakunijibu mimi. Alimgeukia Bi Mwanajuma na kumwuliza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, kama alikuwa analijua hili wakati anapokea mahari. Mwingine akasema dada wa maabara bado hajaolewa, atajuaje ya ndani, na huenda yale macho ya kumla Rukaiya yameingia tena, safari hii yamevaa koti jeupe. Nilisikia minong'ono ikizunguka ukutani. Nilibana. Sikuwa na kazi nyingine iliyobaki.

Bi Mwanajuma aliiacha sufuria.

"Nilijua," alimwambia Bi Fatu. "Wifi, nilijua. Nilikuwa namwombea Mungu apitishe tu." Kisha akamgeukia mama mkwe wake, na sauti ikampasuka. "Mama, na wewe unajua. Mie nilikuwa bibi harusi mpya nyumbani kwako. Mashuka ya Rukaiya tulikwenda kuyafua wote wawili mtoni. Hayakuwa mashuka ya kijicho."

Nilidhani Bi Mwanaharusi atampiga. Alikuwa bado ameshika wembe, na alipouona mkononi mwake aliuweka chini polepole, mbali na mkeka. Alinisogelea. Aliitazama mikono yangu, akaitazama kanga aliyoitumia kufutia. Akamfunua mjukuu wake uso, jambo ambalo somo halifanyi mbele za watu kabla ya siku yake. Tasnim alikuwa ameyakaza macho.

Bi Mwanaharusi alikaa sakafuni. Ile sauti kubwa haikuwepo. Ilibidi wanawake wasogee ndipo wamsikie.

"Aliniambia, mama, nasikia baridi," alisema. "Midomo imekuwa majivu. Nikamwambia vumilia kidogo mwanangu, watu wako nje wananisubiri. Nikatoka na kile kitambaa. Nikacheza mpaka jua likawa kichwani, na yeye yuko ndani peke yake. Kijicho nilikitafuta mimi mwenyewe, nipate wa kumlaumu. Hakuna aliyemla mwanangu. Nilicheza huku yeye anakufa." Akaweka kiganja chake juu ya viganja vyangu, akabana pamoja nami. "Fatu, mwambie mwanao angoje. Mwanajuma, nenda dukani ukamwambie Hilal awashe gari, twende Dar es Salaam hata kwa kulisukuma kwenye tope. Ijumaa sitoi kitambaa."